Ngitili Katikati ya Maji

Kutoka dirisha la jikoni kwangu kinaonekana kisiwa. Si kikubwa. Mtu mwenye sauti nzuri akisimama ncha moja akaita, aliye ncha ya pili atasikia. Ni lundo la majabali ya kijivu yaliyopandana kama marobota ya pamba yaliyopakiwa na mtu mwenye haraka, na vichwa vya majabali hayo ni vyeupe kwa kinyesi cha mnandi, wale ndege weusi wa ziwani wanaokausha mabawa kwa kuyatandaza kama shati kwenye kamba. Hakuna anayeishi pale. Hata ufuko wetu wenyewe, huku nchi kavu, ni mawe matupu yanayoshuka hadi majini, na mitumbwi ina mahali pamoja tu pa kuegesha, pale mwaloni.

Nimefundisha shule ya kijiji hiki cha Geita kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukanyaga kisiwani. Sikuwa na sababu. Nilikitazama kama watu wanavyotazama saa ya ukutani iliyosimama. Aliyenipeleka ni mama yangu, mtu aliyezaliwa Kishapu, ambako maji mengi kwa pamoja ni yale ya lambo la kunyweshea ng'ombe, nayo hukauka.

Mama alikuja kwangu baada ya misimu miwili mibaya. Baba alikuwa ameshatutoka. Ng'ombe walikuwa wameisha, wengine kwa njaa, wengine kwa kuuzwa kabla njaa haijawafikia. Ukuta wa nyuma wa nyumba ulikuwa umelala chini. Walibaki mbuzi wanne, akawaacha kwa jirani. Alishuka kwenye basi na begi dogo na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, akasema, "Nimekuja kukusalimia tu."

Mimi nilitaka abaki. Mume wangu anafanya kazi kwenye mgodi wa Bulyanhulu na huja nyumbani kwa zamu, watoto wameshaondoka, chumba kipo. Zaidi ya chumba, niliogopa kumrudisha mzee kwenye nyumba yenye kuta tatu. Lakini kila jioni, tukishamaliza kula, mama aliniuliza swali lile lile.

"Basi la Shinyanga linapita saa ngapi?"

"Unaharakisha nini, mama?"

"Siharakishi. Nauliza."

Nilielewa taratibu kilichokuwa kikimsumbua. Mtu aliyeamka maisha yake yote kabla ya jua ili afungue zizi, ukimwambia "pumzika" umemwambia hana kazi tena duniani. Nilimpa mboga achambue. Alizichambua upesi, kisha akakaa. Nikamwambia tuwalete mbuzi wake wanne huku. Akatoka nje, akazunguka nyumba nzima akitazama. Mbele mihogo ya jirani. Nyuma majabali. Kwenye kilima, mashimo ya wachimbaji wadogo, yaliyoachwa wazi kama midomo ya wazee wasio na meno.

"Watakula nini hapa, mwanangu? Mawe?"

Bila mbuzi mama asingekaa, na mbuzi hawakuwa na pa kulishia. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo, na gumu hivyo.

Asubuhi moja kiangazi kikiwa kimeshika, mama alikuwa ananisaidia kuosha vyombo. Akasimama na sufuria mkononi, akakaza macho dirishani.

"Ile ngitili kule majini ni ya nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, inafaa nieleze. Mvua zikielekea kuisha, familia ya Kisukuma hutenga kipande cha malisho na kukifunga. Hapo hapaingizwi mnyama wakati nyasi nyingine bado zipo. Kiangazi kikiuma hasa, ndipo mwenyewe hufungua, na wa kwanza kuingia huwa ndama, walio dhaifu na maksai wa kulima. Hiyo ndiyo ngitili. Mara nyingi haina seng'enge wala ukuta. Uzio wake ni aibu. Mtu anaweza kupita na mifugo yenye njaa kandokando ya nyasi zinazofika kiunoni, akaishia kuzitazama. Sisi watoto tulifundishwa kuitambua kwa macho: ukiona nyasi ndefu kiangazi, na hakuna kwato, jua zina mwenyewe, na mwenyewe hajafungua.

Sasa chukua macho hayo uyapeleke kwenye kisiwa. Nyuma ya majabali, upande ambao mimi niliuona kama rangi tu ya manjano, mama aliona nyasi ndefu zisizoguswa, mwezi ambao hata punda wa Kishapu hula karatasi.

"Nipeleke nikazione," alisema.

Mwenye mtumbwi alikuwa jirani yetu, Mzinza mmoja mwembamba anayevua dagaa na kusema utani hata usingizini. Tulipatana naye Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mama alikuja mwaloni na dumu dogo la maji ya kunywa kwapani.

"Mayu!" alishangaa yule bwana, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ziwa lote hili, na wewe unabeba maji?"

"Haya ninayaona. Ila sijaona yalikochemshiwa."

"Nyie wa nchi kavu! Mkifika peponi mtauliza kisima kiko wapi."

"Na nyie mtauliza dagaa wanauzwa wapi. Shika dumu langu, usilimwage."

Akalishika kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Mama aliingia mtumbwini akiwa ameshika bega langu, na hata tulipokaribia kisiwa alikuwa bado hajaliachia. Nilihisi kucha zake. Nilimwonyesha tu jinsi kasia linavyosukuma maji nyuma ili mtumbwi uende mbele, na kwa nini tunakwenda kwa kupinda badala ya kunyoosha, maana chini kuna mawe ambayo wenyeji wanayajua kama sisi tunavyojua mashimo ya barabarani. Mtu akielewa kinachotokea, hofu hupungua kidogo.

Kisiwa kilianza kwa harufu, ya samaki na ya chokaa. Kisha sauti ya ndege. Kisha majabali yenyewe, makubwa kuliko nilivyodhani, yenye joto la jua ambalo lilitufikia usoni tukiwa bado majini. Palikuwa na uwazi mmoja tu wa kuingilia, na karibu yake mti ulioshindiliwa kwenye ufa wa jiwe. Juu ya mti kilifungwa kitambaa chekundu kilichopauka.

"Simama," mama alisema.

"Nini tena?" aliuliza mwenye mtumbwi.

"Pamefungwa."

Nyumbani kwetu, ukingoni mwa ngitili, baba alikuwa akifunga kitambaa au fundo la nyasi kichakani, ili anayepita ajue. Mama alikuwa ameona alama ya baba yangu katikati ya ziwa.

Mwenye mtumbwi alimweleza vizuri kabisa. Kitambaa kiliwekwa na wavuvi, kwa sababu chini ya mti ule kuna mwamba uliowahi kukata panga za mashine ya boti ya mtu. Kinasema jihadhari, hakisemi usiingie.

"Nimekusikia," mama alisema. "Kwa hiyo kuna watu waliokiweka."

"Wapo."

"Basi pana watu." Akainua sauti, ile sauti ya kuitia mifugo ambayo sikuwa nimeisikia tangu aje. "Hodi!"

Mnandi waliruka kundi zima, wakazunguka, wakatua tena. "Hodi hapa!"

"Nani atakuitikia, mayu? Kenge?"

"Asipoitikia mtu, siingii."

Nikainuka mimi. Nikasema nitashuka nione, ni nusu dakika tu, maana tumeshafika. Mama akanivuta khanga nikakaa.

"Mtoto wangu haingii ngitili ya mtu mbele ya macho yangu."

Nina mvi, nimesimama mbele ya wanafunzi maisha yangu yote, na nilikaa mtumbwini kimya kama mtoto wa darasa la kwanza. Yule bwana alicheka mpaka kasia likamponyoka.

Lakini mama hakukubali turudi moja kwa moja. Alitaka tuzunguke. Tukazunguka kisiwa polepole, na alipofika upande wa nyasi akaanza kuzungumza. Zile zilizolala chini, alisema, ni za misimu ya nyuma, hakuna aliyezikata, na sasa zinaziziba mpya. Zile nyembamba zenye kichwa cha zambarau, mbuzi huzipenda zikiwa bado laini. Zile ngumu ni za kuezekea. Kwenye mpasuko ule panakaa unyevu, tazama, bado kijani. Alizungumza hivyo kisiwa kizima. Hapo nikagundua kuwa lile bega langu alikuwa ameliachia kitambo, na mkono wake ulikuwa nje ya mtumbwi ukielekeza.

Tuliporudi mwaloni alianza kumtafuta mwenye kisiwa. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu walipokezana habari ile kama mpira.

"Mama wa mwalimu anatafuta mwenye kisiwa!"

"Mwambieni ni mamba, amesafiri."

Mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa juani akasema, "Mwenyewe ni mnandi, mayu. Mpelekee posa, hana mke."

"Na wewe je, hujamtosha?" mama alimjibu, na kicheko kikahamia upande wa pili. Kisha akaongeza, safari hii bila utani, "Nyasi zisizo na mwenyewe hakuna. Kuna nyasi ambazo mwenyewe hajaulizwa."

Tulimkuta mwenyekiti wa kijiji nyuma ya nyumba yake akipepeta mahindi. Ni mwanamke wa umri wa binti zangu. Alipiga goti, "Shikamoo, bibi," mama akaitikia marahaba, nami nikaeleza shida yetu. Mwenyekiti aliweka ungo chini.

"Tangu nishike nafasi hii nimeulizwa habari za kisima, za mipaka, za mume wa fulani na mke wa fulani. Kisiwa, hapana. Ni cha kijiji, bibi. Lakini hakuna anayekwenda. Kuna nini kule?"

"Chakula cha mbuzi."

"Unataka kupeleka mbuzi kule?"

"Nataka kupeleka mundu. Nikikubaliwa."

Akasema yeye peke yake hawezi kukubali kitu cha wote, tusubiri mkutano wa kijiji. Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata mtu wa kumjibu hodi, hata kama jibu lenyewe lilikuwa "ngoja kidogo."

Siku za kungoja zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwake. Bado aliuliza habari za basi jioni. Nilijua mkutano ukikataa, ataondoka, na hatalalamika.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mama alizungumza Kisukuma, maana Kiswahili chake ni cha salamu na mazungumzo madogo tu, mimi nikawa naeleza kwa Kiswahili kwa wale wasioelewa. Wavuvi hawakupenda. Mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima zake, alisimama akasema wazi: "Leo mundu, kesho mbuzi, keshokutwa ng'ombe wa ukoo mzima kutoka Kishapu. Tunawajua." Watu wakacheka, lakini si wote. Kisha akatoa hoja yenye uzito. Wale mnandi, alisema, ndio macho ya wavuvi. Asubuhi wakishuka kwa wingi mahali, hapo kuna samaki. Ukiwafukuza kisiwani wakati wa mayai, watahama, na kijiji kitavua kwa kubahatisha.

Mimi sikuwa nalijua hilo, na mama hakulijua. Nilimtafsiria neno kwa neno. Alifikiri kidogo, kisha akamuuliza yule bwana, kupitia kwangu, ndege hutaga upande gani, na vifaranga huruka lini. Yule bwana akamweleza. Wakaanza kuulizana na kujibizana wao wawili, mimi nikipokea huku na kupeleka kule, mpaka watu wakasahau kwamba walikuwa wanagombana.

"Basi tufunge kama tunavyofunga kwetu," mama alisema mwishoni. "Hakuna mnyama atakayekanyaga. Tutakata upande wa nyuma tu, ndege wako mbele. Tutaingia vifaranga wakisharuka, na mvua zikianza tunatoka. Na kila anayetaka nyasi aje aulize kwanza, hata mimi."

Mwanamke yule wa dagaa, ambaye kumbe alikuwa na mbuzi wawili waliofungwa kamba nyuma ya choo mwaka mzima, aliinua mkono. "Na sisi wengine tunaruhusiwa?"

Mama alimgeukia mwenyekiti. "Muulize mwenyewe."

Wote tukamtazama mwenyekiti, naye akatazama watu wake. Mikono ikainuka. Haikuwa yote. Walikubali tujaribu kwa kiangazi kile kimoja, na yule mvuvi akapewa kazi ya kusema ni lini vifaranga wamesharuka.

Alikuja mwenyewe kutuambia. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema, "Wameruka," akaondoka.

Tulikwenda tena na mtumbwi ule ule, na dumu lile lile la maji. Tulipofika kwenye kitambaa chekundu mama akainua sauti. "Hodi!"

Mwenye mtumbwi aliruka majini, maji yakamfika magotini, akapanda jiwe la kwanza. Akageuka, akaweka mkono kifuani.

"Karibu, mayu."

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Leo kijiji kimenituma."

Mama alivua ndala zake, akazishika mkononi, akakanyaga. Nami nikakanyaga nyuma yake. Mawe yalikuwa na joto kama sufuria iliyotoka jikoni punde. Kulikuwa na manyoya kila mahali na maganda ya mayai mepesi kama karatasi. Kenge mmoja alitutazama, akaona hatuna maana, akaingia ufani. Upande wa nyuma nyasi zilitufika kifuani, na upepo ulipozipita zilitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto.

Mama alinionyesha kukata. Si chini kabisa, unaacha kimo cha kiganja, ili shina libaki na cha kuanzia. Unashika fungu unaloweza kulizungushia mkono, unakata kwa kuvuta mundu kuelekea kwako, unalaza vichwa upande mmoja. Mafungu yangu ya kwanza yalikuwa mabaya, akayafungua na kuyafunga upya. Ya baadaye aliyaacha.

Tulipochoka tulipanda jiwe la juu, na mama akaona nyumba yangu ng'ambo ya maji. "Lile ni dirisha la jikoni?"

"Ndilo."

"Kumbe mnaonekana."

Akanywa maji ya dumu lake, akampa mwenye mtumbwi, naye akanywa bila utani wowote. Kisha mama akaniuliza, "Basi la Shinyanga linapita saa ngapi?"

Niliweka mundu chini. Baada ya yote haya. "Unaondoka, mama?"

"Nataka kujua kama linabeba mbuzi."

Halibebi, lakini kuna malori. Jirani wa Kishapu alitafuta lori lililokuwa linakuja kuchukua dagaa, na mbuzi wanne wakafika wakiwa wamesimama, wamekasirika, mmoja akiwa na mimba ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Mama aliwawekea nyasi za kisiwani katika zizi dogo tulilojenga pembeni mwa nyumba. Wakanusa. Wakageuza nyuso. Nyasi zilinuka samaki.

Mwenye mtumbwi alikuwepo, na bila shaka alifurahi. "Mayu, mbuzi wako wamegoma. Wanataka ugali."

"Watazoea," mama alisema. "Hata mimi nilikataa dagaa wako mara ya kwanza." Akazisuuza zile nyasi, akazianika juu ya majabali nyuma ya nyumba, mawe yale yale aliyoniuliza kama mbuzi watakula. Jioni akazirudisha zizini. Mbuzi mkubwa, yule mwenye pembe moja iliyopinda, alikuwa wa kwanza kutafuna. Mama alisimama akisikiliza sauti ile ya meno mpaka giza likaingia, ugali ukapoa mezani.

Mvua zilipoanza, mwenye mtumbwi alikuja kuuliza kama bado tunataka safari. Mama akaingia ndani, akatoka na kipande cha khanga yake ya zamani, chenye maua ya njano.

"Kafunge hiki pale pa kuingilia, chini ya kile chekundu. Tumefunga."

"Na wakiniuliza mpaka lini?"

"Waambie tutafungua mwakani, tukikubaliwa tena," alisema, akiwa ameshaanza kuchungulia zizini, ambako yule mwenye mimba alikuwa analia. "Vifaranga wakisharuka."